Warembo Wanaokula Bure

Machi 9

Mvua ya kwanza ya msimu imepiga alfajiri, na mke wangu ameondoka katikati yake. Amekwenda kwa binti yetu, ambaye daktari amemwamuru asiinuke kitandani mpaka ajifungue. Nyumba imebaki na mimi, redio, kuku wa kike ishirini na tisa na majogoo watatu. Naandika kwa sababu redio inasema tu, haisikilizi.

Kuku wenyewe si wa kuokoteza. Ni wa damu safi: wekundu wa rangi ya tofali, miguu ya njano, na upanga wa kichwani, ule mwekundu wenye meno, umesimama wima. Mke wangu amewachambua kizazi baada ya kizazi kwa miaka sita, mpaka akapata kuku anayependeza na anayefanya kazi, jambo adimu hata kwa binadamu. Mvua zikiisha bwana mifugo atakuja kuwakagua. Akiwakubali, kituo cha kutotolea vifaranga kitachukua mayai yetu kuwa ya mbegu. Akiwakataa, yatabaki ya kukaanga kama ya jirani yeyote, na miaka sita ya mke wangu itakuwa imeliwa kwa chumvi.

Nilipokuwa nampandishia mzigo kwenye gari nilimuuliza kama ananiamini na kuku wake. Akasema, "Kwa nywele nakuamini." Mimi ni kinyozi.

Machi 10

Mayai ishirini na moja. Kazi rahisi hii.

Machi 12

Mayai ishirini. Shemeji amekuja kukagua.

Shemeji ni mdogo wa kike wa mke wangu. Ni mshonaji, na anaishi upande wa pili wa ukuta wetu. Cherehani yake huanza kulia kabla sijanawa uso. Kila jioni tangu dada yake aondoke anatokea mlangoni, tepu shingoni, na kuchungulia banda kama mwenye nyumba anayedai kodi.

"Shemeji, maji umewabadilishia?"

"Nimewabadilishia."

"Leo?"

Nikachukua ndoo. Nina hakika jioni anapeleka taarifa kwa simu.

Machi 17

Mvua. Wateja hawaji, nani anyolewe alowe kichwa? Nimefunga kibanda mapema na kukaa na kuku. Nimeanza kuwapa majina ya utani. Mmoja nimemwita Bibi Harusi: manyoya yanang'aa, miguu ya njano iliyokolea, anatembea kwa kujishika kana kwamba ardhi inamchafua. Ana wenzake kadhaa wa namna hiyo, na nikiwatazama moyo wangu unatulia. Jogoo wao, Sultani, ana kifua cha kupigia picha.

Halafu kuna kundi la pili. Mkia umekatikakatika, mgongo una upara, miguu imepauka kama ya mtu aliyeshinda kwenye vumbi. Anayeongoza kundi hilo nimemwita Tambara. Hajijali hata kidogo. Mteja akija kwangu na sura ile ningemnyoa bure kwa kumwonea huruma.

Machi 18

Mayai ishirini na moja.

Machi 25

Barabara imekatika kwenye daraja, na chakula cha kuku hakiji. Gunia lililobaki ni nusu. Nikampigia mke wangu. Alikuwa anamsaidia binti yetu kula, akajibu haraka haraka.

"Toa wanaokula bure, mzee. Mchinjaji atawachukua. Wale wa kazi wabaki. Au kama huna hakika, nisubiri."

"Hakika ya nini? Macho ninayo."

Alikwisha kata simu.

Machi 27

Leo nimechagua.

Niliwatoa mmoja mmoja nikawasimamisha juu ya meza, kwenye mwanga wa mlangoni, kama ninavyomtazama mteja kabla ya kushika mkasi. Mwenye manyoya kamili, kulia. Aliyechakaa, kushoto. Nilikuwa najua ninachofanya, au nilijiona hivyo, na mikono ilikwenda yenyewe.

Shemeji akatokea.

"Hao wa kushoto wanakwenda wapi?"

"Kwa mchinjaji. Dada yako kasema wanaokula bure watoke."

"Shemeji, usiwaguse hao wachakavu mpaka dada arudi."

"Kwa nini?"

"Mimi simjui kuku kama dada. Lakini kuna kitu huwa anasema kuhusu wachakavu, sikumbuki vizuri. Subiri tu."

Ningesubiri. Naandika ukweli: nilikuwa nimeanza kuona shaka na ningesubiri, lakini aliongeza, "Wewe ni mtu wa vichwa vya watu." Hapo damu ikanichemka. Nikawafunga wote wa kushoto kwenye matenga mawili, kumi na wanne, Tambara akiwa juu, nikawapeleka mwenyewe kwa mchinjaji kwenye mvua. Mchinjaji aliwapapasa vifua akakunja uso, akasema hawana nyama, ila atawachukua.

Banda sasa linapendeza mpaka raha. Nimelitazama mpaka chai ikapoa.

Machi 28

Mayai saba. Nadhani wanawalilia wenzao.

Machi 30

Mayai sita.

Aprili 1

Matano. Mvua haikatiki, na kuku naye ana moyo, hapendi mawingu.

Aprili 3

Manne. Nimebadilisha nyasi za viotani. Nimeziba tundu moja nyuma ya banda ambalo nguchiro angeweza kupita akiwa amebana tumbo. Nimewahamishia maji kwenye beseni jipya. Bibi Harusi alilitazama beseni, akajitazama humo ndani, akanywa.

Chakula kinaisha kasi ileile, na wao wamepungua karibu nusu.

Aprili 5

Mayai matatu, na mimi nimefanya jambo baya.

Asubuhi nilimwona shemeji akitoka upande wa banda na bakuli lililofunikwa. Sikujiuliza. Nilimsimamisha mbele ya wateja wake wawili waliokuja kupimwa nguo, nikamwambia sasa najua mayai yanakwenda wapi, na kwamba kama ana njaa angeomba.

Hakupandisha sauti. Alifunua bakuli. Lilikuwa na majani ya mchicha aliyochuma bustanini kwake. Alikuwa amewapelekea kuku wangu mengine kama hayo, kwa sababu alisikia chakula kimepungua.

"Haya, Shemeji," akasema. "Banda lako, mayai yako, macho yako."

Wale wateja walitazama chini. Nilirudi ndani nikakaa, na aibu ninayo mpaka sasa ninapoandika. Lakini mayai kweli hayapo. Kuna mwizi, hata kama si yeye.

Aprili 6

Mawili. Cherehani imelia kutwa nzima. Jioni hakuja mtu kuniuliza kuhusu maji.

Aprili 8

Leo sikufungua kibanda. Nimeingia bandani baada ya chai, nikakaa juu ya ndoo kwenye kona, nikasema lazima nimwone mwizi kwa macho yangu mawili.

Asubuhi yote nimewatazama. Warembo wangu wanakula. Wakimaliza kula wanajichambua manyoya. Wakimaliza kujichambua wanalala kwenye mchanga mkavu, wanajirushia vumbi, wanaamka, wanajikung'uta, wanakula tena. Bibi Harusi alipita mbele ya viota mara nyingi, na hata mara moja hakugeuza shingo. Mmoja tu aliingia kiotani, mnyonge wa pembeni ambaye nilimbakiza kwa bahati kwa sababu siku ile alijificha chini ya meza. Akataga, akatetea kwa kelele kutangaza yai lake, akatoka zake.

Mvua ilipokatika mchana nilikuwa bado juu ya ndoo, miguu imekufa ganzi. Hakuna mwizi. Hapakuwa na kitu cha kuibwa.

Nimemwonea shemeji bure. Na niliowapeleka kwa mchinjaji sijui ni kina nani.

Aprili 9

Mke wangu hapatikani kwenye simu. Mkwe wetu ndiye aliyepiga: binti yetu amepelekwa hospitali ghafla, presha imepanda. Nimesimama na simu mkononi nikasahau kama nipo ndani au nje. Kuku leo sijui wametaga mangapi. Sikuangalia.

Aprili 10

Kimya. Nimemnyoa mteja mmoja nikamwacha na mstari uliopinda, hakulalamika, alijua nina jambo. Nimeomba Mungu kwa maneno ya ovyo ovyo, bila mpangilio.

Aprili 11

Amejifungua! Mtoto wa kike. Wamempasua, lakini mama mzima, mtoto mzima, analia mpaka nimemsikia kwenye simu. Na mimi nikalia upande huu, sioni haya kuandika. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Tulipotulia akauliza, "Na wanangu wa bandani?"

Nilitaka kumfurahisha. "Wanapendeza kuliko ulivyowaacha. Miguu ya njano kama ndizi mbivu."

Akaacha kucheka.

"Yote?"

"Yote. Waliochakaa nimewatoa."

"Mzee wangu," akasema taratibu sana, "ile njano ndiyo inayopaka kiini cha yai. Kuku akitaga, inamtoka mdomoni, inamtoka miguuni, anapauka. Mwenye miguu ya njano msimu huu ni yule anayetoa kidogo au ameacha kabisa. Na manyoya, anayetaga hana nafasi ya kuota mapya. Wewe umetoa kina nani?"

Nilisema, "Kumi na wanne."

Alivuta pumzi. Nilisubiri anigombeze, na kugombezwa kungenipunguzia. Akasema tu, "Hao ndio miaka sita," halafu muuguzi akamwita akakata.

Nilikimbia kwa mchinjaji bila mwavuli. Njiani nilikuwa najiambia wiki mbili zimepita, hakuna mchinjaji duniani anayelea kuku wiki mbili. Nimekumbuka Tambara alivyokuwa juu ya tenga akinitazama kwa jicho moja, nikaongeza mbio.

Mchinjaji alikuwa ameketi nyuma ya duka lake anakunywa chai na yai la kuchemsha. Nilipomtajia kuku wangu alicheka.

"Wanne niliwachinja siku ileile, wateja wakanirudishia lawama, mifupa mitupu. Nikasema hawa wengine niwanenepeshe. Siku mbili wamenyamaza. Ya tatu nikakuta yai. Kesho yake matano. Sasa niambie, ndugu yangu, unampelekaje kisuni mtu anayekuletea kifungua kinywa?"

Alinionyesha. Kumi kwenye kizimba chake, wamebanana, wachafu, hai. Tambara alikuwa amekalia kona na ukimsogeza anadonoa. Nilishika wavu kwa mikono miwili.

"Nirudishie."

"Hapana. Mimi nimekwisha wazoea."

Nikamwahidi kumnyoa bure maisha yake yote. Akavua kofia. Kichwa kilikuwa kitupu kama sahani.

Hapo ndipo nilipokumbuka yeye ni mtu wa nyama. Nikamwambia, "Ninao kumi wengine. Hawajafanya kazi ya maana tangu mvua ianze. Wamekula tu." Akainua nyusi. Akasema niwalete awapapase kwanza, na niwalete leo, kwa sababu kesho anaweza kubadili mawazo.

Matenga mawili yaliyojaa, kwenye tope lile, mtu mmoja hawezi. Nilisimama mbele ya mlango wa shemeji, maji yananichuruzika. Cherehani ikanyamaza.

"Shemeji, nimekukosea. Nimekuita mwizi mbele ya watu, na mwizi hakuwepo. Aliyeharibu ni mimi. Nisamehe. Na nitawaambia wale wateja wako wote wawili, kwa mdomo huu huu."

Aliniacha nilowe kidogo zaidi. Nadhani nilistahili.

"Dada kapata mjukuu," akasema.

"Amepata."

"Basi ngoja nivae viatu."

Alikuja na kitambaa kikubwa cha plastiki anachofunikia mashine yake, akafunika tenga la kwanza ili kuku wasilowe, yeye mwenyewe akalowa. Mchinjaji alimshika Bibi Harusi chini ya tumbo, akatabasamu kama mtu aliyeona jamaa yake. "Huyu ni mchuzi unaotembea," akasema. Kumi kwa kumi, tukabadilishana.

Tumerudi na Tambara. Nimembeba mwenyewe kifuani, na amenichafua shati.

Aprili 12

Nimempigia mke wangu. Kumi wazima, wanne wamekufa. Akataka kujua kama yule wa mkia mfupi yumo. Hayumo. Akasema, "Haya. Waliobaki uwape maji safi." Halafu akaniwekea mtoto kwenye simu apumue.

Nimewaambia wale wateja wawili wa shemeji. Mmoja alicheka sana kuliko ilivyohitajika.

Aprili 15

Mayai saba.

Aprili 21

Kumi na moja, na daraja limetengenezwa!

Aprili 28

Kumi na mawili. Sasa nimeanza kuogopa upande mwingine. Bwana mifugo anatafuta sura ya damu safi, na mimi nina kundi linaloonekana limetoka vitani. Leo nimejaribu kumpaka Tambara mafuta ya nywele ya kibandani, kidogo tu, mgongoni. Manyoya yamegandana. Anaonekana kama aliyeangukia sufuria. Shemeji alipomwona alilazimika kushika ukuta kwa kucheka, kisha akaleta maji ya uvuguvugu tukamwogesha sote wawili na kumkausha mbele ya jiko.

Nilikuwa namwona mwanamke huyu mpelelezi. Kumbe alikuwa anakuja kila jioni kwa sababu nyumba ya dada yake iko kimya na hapendi mtu akae peke yake. Hajasema hivyo. Ameleta tu kigoda chake akakiacha kwetu.

Mei 11

Mvua imekatika siku mbili mfululizo. Leo tumechagua wa chumba cha mbegu, yaani watakaotaga mayai ya kituo, kumi na jogoo mmoja.

Shemeji alipewa maelezo na dada yake kwa simu: weka vidole kwenye mifupa miwili iliyo chini ya mkia. Vikiingia vitatu katikati yake na mifupa ni laini, anataga. Kikiingia kimoja kwa shida, anakula bure. Yeye akapima, ana vidole vya kupima. Mimi nikatazama sura, lakini safari hii siyo manyoya. Nimetazama mgongo kama umenyooka, jicho kama liko hai, upanga kama una meno matano yaliyopangika. Aliyepita kwangu na kwake ndiye aliyeingia. Tumebishana juu ya mmoja tu.

Jogoo ndiye alikuwa amebaki. Sote tulijua ni Sultani, mke wangu mwenyewe alikuwa amemtaja. Nikamshika kichwa, nikamgeuza kama ninavyomgeuza mteja kutazama kisogo, kwa mazoea tu. Nyuma ya upanga, pembeni, palikuwa na kijino cha ziada, kidogo kama punje ya mchele, kimejificha. Nimenyoa visogo miaka mingi, kitu cha namna hiyo hakinipiti. Kwa damu safi hiyo ni kasoro, na jogoo angewarithisha vifaranga wote.

Tumemtoa Sultani. Aliyeingia ni jogoo wa tatu, mtoto wa Tambara, hana kifua cha kupigia picha lakini kisogo chake ni safi.

Mei 20

Bwana mifugo amekuja na buti zake. Alimshika Tambara kwanza, upara wa mgongoni ukielekea juu, na mimi nikaanza kujieleza: mvua, safari, mchinjaji, mafuta.

"Mzee, manyoya yataota," akanikatiza. "Upanga uliopinda ndio haunyooki." Akaendelea kupima.

Alimtazama jogoo kisogoni kwa muda mrefu kuliko wote. Shemeji alinishika mkono wa shati bila kujua. Kisha bwana mifugo akamweka chini, akanawa, akasema kituo kitaanza kuchukua mayai wiki ijayo.

Tulisubiri afike barabarani ndipo tukapiga kelele.

Mei 26

Mke wangu amerudi.

Hakuingia ndani. Aliweka mfuko mlangoni akaenda bandani na viatu vya safari, akawashika mmoja mmoja, vidole chini ya mkia, kichwa kwenye mwanga. Mimi na shemeji tulisimama nje ya wavu. Habari ya bwana mifugo alikuwa nayo tangu siku ileile, lakini hakuna bwana mifugo wa kumtisha mtu kama mke wangu anapopima.

Tambara alimpakata muda mrefu. Alimgusa mgongoni, mahali manyoya mapya yanapochomoza, akashusha pumzi.

"Nani kachagua?"

Shemeji angeweza kujitwalia sifa yote na mimi nisingefungua mdomo. Akasema, "Tumechagua sote wawili, dada. Ila jogoo ni yeye peke yake."

Mke wangu alimgeuza jogoo, akamtafuta Sultani kwenye wavu wa pili, akamshika, akapapasa nyuma ya upanga mpaka akakipata kile kijino. Alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu tulipokuwa vijana.

"Mimi ningemchagua huyu," akasema. "Ningekosea."

Amekula, amenisimulia mtoto kuanzia kucha mpaka nywele, akajilaza mchana kidogo. Tangu aanze kufuga, kuku akitetea tu, mke wangu huinuka akaokote yai, awe anakula, awe na wageni, awe mgonjwa. Leo wametetea watatu kwa pamoja chini ya dirisha letu. Nilimtazama. Alifungua jicho moja, akaona nipo, akageukia ukutani akaendelea kulala.

Mayai nimekwenda kuyakusanya mimi.